Bati Kumi za Desemba

Pesa ya Katubuka inafuata mwezi wa angani kuliko wa kalenda. Usiku wa giza vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinatoka Kibirizi na Katonga na taa zao, dagaa wanaufuata mwanga, na asubuhi kila aliye karibu na mwalo ana cha kufanya: kubeba, kuanika, kupima, kupakia. Mwezi ukipevuka dagaa wanatawanyika, wavuvi wanakaa nchi kavu kushona nyavu, na akina mama waliokuwa wakianika wanaanza kukopa unga. Katubuka ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, upande wa uwanja wa ndege, na watu wake wengi wanaishi kwa vibarua vya ujenzi, bodaboda, genge la nyanya na chupa za mawese. Hata hivyo mwalo ukilala, genge nalo linalala. Mwaka 2024 nchi 4 zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Uamuzi ulikuwa na sababu, maana ziwa limevuliwa kupita uwezo wake. Lakini kwa anayekula kwa siku, miezi 3 ni mirefu, hata kama hajawahi kushika wavu.

Penye pesa ya namna hii kuna jambo jingine ambalo kila mtu analijua: fungu la mara moja. Tajiri wa chombo anamaliza msimu mzuri na kuwatolea vijana wake kitu juu ya mgao wao. Fundi anakabidhi nyumba, mwenye nyumba anaridhika, vibarua wanapewa asante. Kijana anachukuliwa kuwa karani wa Sensa ya Agosti 2022, au anapata kazi ya siku chache kwenye uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ulioanzia hapa hapa Kigoma Julai 2024, na posho yake ya muda mfupi inazidi kilichoingia nyumbani kwao kwa miezi. Kikundi cha kuweka na kukopa kinavunja mzunguko Desemba, kila mmoja anaondoka na hisa zake na faida. Pesa hiyo inaingia, inafanya kazi yake, inakwisha, na hairudi hadi Mungu apende.

Sura hii inahusu kinachotokea fungu hilo likiingia kwenye kaya inayopokea msaada wa serikali. Niseme mapema ninachoamini. Mfumo wowote unaolichukulia fungu la mara moja kuwa ni maisha mapya unamdhulumu maskini, na huu wa kwetu una ubaya wake wa pekee, kwa sababu unamuumiza aliyeweka kuliko aliyekula.

Msaada wenyewe ni ule wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Mfuko ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na hapo ndipo serikali ilipoanza kumkabidhi mama wa mtaani fedha mkononi kwa upana ambao nchi hii haikuwa imeuona. Ndani ya miaka michache mpango ulikuwa na kaya zaidi ya milioni moja. Februari 2020 Rais John Magufuli alizindua kipindi cha pili, kilicholenga kaya milioni 1.45 na kuingia kwenye vijiji, mitaa na shehia zote, hata zile zilizorukwa mwanzo.

Viwango vya kipindi cha kwanza vinafaa kukumbukwa, kwa sababu vinaonyesha tunazungumzia pesa kiasi gani. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Halafu zilikuja ruzuku za masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, wa shule ahudhurie, mwanafunzi wa shule ya msingi alihesabiwa 2,000, wa sekondari zaidi kidogo. Ukijumlisha yote, kaya haikuweza kuvuka 38,000 kwa mwezi. Kipindi cha pili kilipandisha ukomo hadi 55,000. Malipo yanatoka kwa madirisha, kila moja likiwa na ruzuku ya miezi miwili. Kwa msomaji mwenye mshahara hizi ni fedha za vocha. Kwa kaya iliyopangiwa ni sabuni, daftari, kilo za unga, na zaidi ya hapo ni kitu ambacho hakuna kibarua cha mwalo kinachoweza kumpa mtu: uhakika wa tarehe.

Sasa kaya inaingiaje, na inatokaje? Kuingia kuna hatua 3. Kwanza mgawo wa maeneo. Pili mkutano wa hadhara wa mtaa, ambapo majirani wanataja kaya zilizo duni kuliko nyingine, na hapa ndipo ukweli mwingi unaposemwa, kwa sababu mtaa unamjua nani analala na njaa. Tatu ni dodoso. Mwezeshaji anakuja nyumbani na kuuliza wangapi wanaishi hapo, nani anasoma, ukuta ni wa nini, sakafu ni ya nini, paa ni la nini, kuna kitanda, redio, baiskeli, mifugo. Majibu yanaingizwa kwenye kanuni ya hesabu inayokisia kaya hiyo inatumia kiasi gani kwa maisha yake, na kaya iliyozidi mstari uliowekwa haichukuliwi. Baada ya miaka kadhaa dodoso linarudi. Aliyekuwa chini ya mstari akionekana juu yake, anahitimu, yaani anatoka kwenye mpango.

Kwa nini wasiulize tu kipato? Kwa sababu hakuna wa kukithibitisha. Mama anayeanika dagaa hana hati ya mshahara, na mwenye genge hana daftari la mauzo. Wataalamu wakaamua kutazama kisichofichika. Nawaelewa. Katika nchi ambayo watu wengi wanafanya kazi nje ya ajira rasmi, kupima kwa paa na sakafu ni njia ya busara ya kuanzia. Tatizo linaanza pale chombo kilichotengenezwa kumtambua maskini anapoingia kinapotumiwa kuamua kama umaskini wake umekwisha.

Chukua mfano. Mama wa Katubuka, mjane, ana watoto wawili wa shule ya msingi. Kwa viwango vya kipindi cha kwanza anapata 10,000 za msingi, 4,000 za watoto, na 2,000 mara mbili za shule. Jumla 18,000 kwa mwezi, 216,000 kwa mwaka. Ameshauriwa na mpango wenyewe ajiunge na kikundi cha kuweka akiba, maana kukuza uchumi wa kaya ni sehemu ya mpango tangu mwanzo. Anajiunga. Kila wiki ananunua hisa kwa pesa ya kuanika dagaa na nyingine anayoikata kwenye ruzuku. Tuseme Desemba kikundi kinavunja na fungu lake ni 300,000. Hajawahi kushika kiasi hicho. Nyumba yake ya tope imeezekwa nyasi, na mvua za Kigoma hazina huruma kuanzia Novemba hadi Aprili. Ananunua bati kumi na misumari, fundi anamaliza kwa siku mbili, na kilichobaki kinakuwa kuku sita.

Miezi inapita, mwezeshaji anabisha hodi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Hongera kwa nyumba. Mmeezeka lini?”

“Desemba, baba. Tulivunja kikundi.”

Kijana anaandika: paa, bati. Mifugo, kuku sita. Hana nia mbaya, na pengine moyoni amefurahi kwa ajili yake. Lakini kanuni ya aina hii inapima kilichopo. Haina habari ya pesa iliyokinunua, kama ilitoka kwenye kazi inayoendelea au kwenye fungu lililokwisha siku ileile lilipopatikana. Mama huyu bado anaanika dagaa wa mtu mwingine, na mwezi ukipevuka bado anakopa unga. Kilichobadilika ni kwamba hanyeshewi. Ikiwa bati zile ndizo zilizomvusha mstari, basi amepoteza 18,000 kila mwezi, na ukizigawa 300,000 kwa 18,000 utaona kwamba kufikia mwezi wa 17 fungu lote la Desemba litakuwa limekwisha kurudishwa. Mwezi wa 18 anaanza kulipa kutoka mfukoni mwake.

Mlinganishe na jirani wa kufikirika mwenye hali ileile, aliyevunja kikundi kilekile, akapata 300,000 zilezile, na kuzimaliza kwa sikukuu, nguo na madeni ya pombe. Dodoso likifika kwake linakuta nyasi na ukuta wa tope, hakuna kuku. Anabaki kwenye orodha. Simlaumu huyu jirani kwa sikukuu yake. Masikini naye ni mtu na ana haki ya kufurahi. Ninachosema ni kwamba serikali imewatazama watu wawili waliopata sawasawa, ikamtoa yule aliyefuata ushauri wake.

Tuna methali inayomcheka maskini akipata, na wengi tumeirithi bila kuihoji, tukiamini fungu likimfika fukara linaishia kwenye makelele. Ushahidi wa hapa nchini unasema vingine. Kabla ya mpango mkubwa, TASAF ilifanya jaribio katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, malipo yakianza Januari 2010. Vijiji vilikuwa 80. Nusu vilipewa ruzuku mapema, nusu vikawa vya kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2014 yalionyesha kaya zilizopokea zilinunua mifugo zaidi, hasa kuku na mbuzi, zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na watoto wao walivaa viatu zaidi. Yaani maskini wa Tanzania akipata kitu cha ziada ana tabia ya kukigeuza kuwa kitu kinachoonekana. Ukijua hilo, halafu ukapima umaskini kwa vitu vinavyoonekana, umeandaa adhabu mapema.

Msomaji anaweza kudhani hili ni tatizo la nchi zisizo na kumbukumbu za mishahara. Uingereza wanazo. Kila mshahara unaolipwa huko unaripotiwa kwa mamlaka ya kodi, na mfumo wao mkuu wa msaada kwa wenye kipato kidogo, Universal Credit, unasoma taarifa hizo kila mwezi na kurekebisha malipo wenyewe. Mei 2020, janga la korona likiwa limepamba moto, serikali ya Wales ilitangaza kuwapa wahudumu wa wazee na wagonjwa paundi 500 kila mmoja kwa kushukuru kazi yao. Ni kazi inayofanywa na Waafrika Mashariki wengi walioko kule: kumwosha mzee, kumlisha, kumgeuza usiku. Serikali ya London ilikataa kuisamehe zawadi ile kodi wala kuiacha nje ya hesabu ya misaada.

Piga hesabu ya mhudumu aliyekuwa tayari analipa kodi na anapokea Universal Credit. Kodi ya mapato asilimia 20, mchango wa bima ya taifa asilimia 12: paundi 160 zimekwenda, zimebaki 340. Wakati ule kila paundi halisi iliyoingia juu ya kiwango kilichoruhusiwa ilipunguza msaada kwa peni 63. Asilimia 63 ya 340 ni 214.20. Katika paundi 500 za asante, mwanamke huyo alibakiwa na 125.80. Karibu robo tatu ilirudi kwa serikali ileile iliyokuwa ikisikika ikimpigia makofi kila Alhamisi jioni. Mwaka 2022 Wales walijaribu tena, safari hii wakipandisha zawadi hadi paundi 1,498 ili baada ya kodi na bima mtu abaki na takriban 1,000. Makato ya msaada yalikuwa yameshushwa hadi asilimia 55 mwishoni mwa 2021, kwa hiyo mwenye Universal Credit alibakiwa na kama 450. Mwenzake wa zamu hiyohiyo asiye na msaada wowote, mwenye mume mwenye mshahara mzuri, aliondoka na 1,000 zake kamili. Zawadi ilikuwa moja. Aliyekuwa fukara zaidi ndiye aliyepata kidogo.

Huko pia wakati una maana kubwa. Mfumo unahesabu kipindi cha mwezi mmoja kinachoanza tarehe mtu alipoomba msaada. Wanawake wanne wanaolea watoto peke yao walienda mahakamani kwa sababu siku yao ya mshahara iliangukia karibu na mwisho wa kipindi; mwajiri akilipa mapema kwa ajili ya wikendi au sikukuu ya benki, mishahara miwili ilihesabiwa ndani ya mwezi mmoja, na mwezi uliofuata haukuwa na hata mmoja. Kompyuta ilisoma mwezi wa kwanza kama utajiri na kukata msaada. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema kushindwa kwa serikali kurekebisha jambo hilo ni kinyume cha akili, na Novemba mwaka huohuo kanuni zikabadilishwa. Hukumu hiyo naiona ina maana kwetu hata kama sheria zake hazitufungi. Majaji walikataa kukubali kwamba tarehe ya pesa kuingia ndiyo hali ya mtu.

Njia ya kutoka Kigoma hadi kwenye mifumo hiyo ni fupi kuliko inavyoonekana. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea Wakongo tangu Novemba 1996, na kuanzia mwaka 2015 makumi ya maelfu yao walipendekezwa kuhamishiwa Marekani. Watoto waliojifunza Kiswahili chao kwenye foleni za mgao wa Nyarugusu leo ni watu wazima wanaofanya kazi viwandani huko. Wengi walianza na msaada wa chakula wa serikali, ambao kwa kila dola ya mshahara inayoongezeka hupungua kwa takriban senti 24, na marupurupu ya kazini huhesabiwa kama mshahara. Akivuka kiwango cha juu cha kipato, msaada hukoma wote. Inashangaza kwamba katika nchi hiyohiyo kanuni za nyumba za ruzuku zilikuwa kwa miaka mingi na kipengele kinachosema kipato cha muda, kisichojirudia au cha kubahatisha kisihesabiwe katika kupanga kodi ya mpangaji. Kumbe waandishi wa sheria wanaweza kuandika sentensi hiyo wakitaka.

Turudi Kigoma, maana upande wa pili wa shauri lazima usikilizwe kwa haki. TASAF haikuanza kukagua nyumba za watu kwa ukatili. Mpango ulipopanuka haraka waliingia wasiostahili. Alipozindua kipindi cha pili, Magufuli alizungumza kwa ukali juu ya zaidi ya kaya 70,000 zilizobainika hazina sifa: wengine walikwishafariki, wengine walihama, wengine hawakuwa maskini kabisa. Kila shilingi iliyowafikia hao ilimkosa mtu wa Buhigwe au Kakonko aliyekuwa nje ya orodha. Mtaani nako kuna manung'uniko yasiyokwisha, kwamba fulani ana bati na bado anapokea, na mimi nina nyasi nimeachwa. Mtu akisema hivyo mkutanoni siwezi kumwambia anyamaze, kwa sababu mara nyingi anasema kweli juu ya nafsi yake. Fedha ni kidogo na maskini ni wengi. Ndiyo maana katika kipindi cha pili karibu kaya 400,000 zilihitimishwa, na ndiyo maana wako waliokwishajimudu ambao kutoka kwao ni jambo la kushukuru. Ninawajua watu waliopanda kwa ruzuku hizi hadi wakawa na duka linalosimama lenyewe.

Lakini hoja hiyo inahitaji kutoka kwa aliyejimudu. Haihitaji kutoka kwa aliyeezeka. Na kosa hapa ni kubwa kuliko 18,000, kwa sababu orodha ya TASAF imekwisha kuwa ufunguo wa milango mingine. Mtoto wa kaya ya TASAF akiomba mkopo wa elimu ya juu, utambulisho huo unamsaidia kuthibitisha uhitaji wake kwa Bodi ya Mikopo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inaahidi kugharamiwa kwa wasio na uwezo, na kuwatambua wasio na uwezo kunahitaji orodha. Yupo pia mtoto wa mama yetu wa mfano, ambaye atafika kidato cha nne miaka michache baadaye na kuihitaji milango hiyo. Anayetoka kwenye orodha hateremki ngazi. Anadondoka kutoka ghorofani, leo ana yote, kesho hana hata moja, ingawa maisha yake ya leo na kesho ni yaleyale.

Jambo linalonikera zaidi ni pale pesa iliyomtoa mtu inapokuwa imetoka kwenye mpango wenyewe. Ajira za muda zilianza kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku: kuchimba mitaro, kutengeneza barabara, kupanda miti. Kipindi cha pili kilileta pia ruzuku ya uzalishaji kwa walengwa waliofundishwa na kuandika mpango wa biashara. Vikundi vya akiba vimehamasishwa na maofisa walewale. Pesa zote hizi zimekusudiwa kununua mbuzi, cherehani, bati. Serikali ikija baadaye kuhesabu mbuzi huyo kama ushahidi kwamba msaada hauhitajiki tena, inakagua matokeo yake mwenyewe kabla hayajakomaa. Mbuzi hufa. Cherehani huuzwa mtoto akilazwa hospitali ya Maweni. Ziwa hufungwa.

Je, kuna namna nyingine? Zipo, na baadhi ziko jirani. Zanzibar tangu Aprili 2016 inampa kila mzee aliyefikisha miaka 70 Pensheni Jamii, bila kuuliza paa lake. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na imepandishwa hadi 50,000. Kwa kuwa hakuna kipimo cha umaskini, hakuna mtu anayeogopa kuonekana ameendelea. Bibi wa Unguja akiletewa fungu na mjukuu wake kutoka Muscat anaezeka bila hofu. Najua haiwezekani kesho kumlipa hivyo kila maskini wa Bara, lakini inatukumbusha kwamba hofu hii imetengenezwa na kanuni, na kanuni huandikwa na watu.

Brazil ndiyo iliyonipa fikra inayotufaa zaidi. Mpango wao wa Bolsa Família, uliofufuliwa Machi 2023, unaweka mstari wa reali 218 kwa mtu kwa mwezi. Familia ikiuvuka kwa sababu mmoja amepata kazi, haikatwi papo hapo. Mradi kipato cha kila mtu hakijazidi kiwango kilichowekwa, inaendelea kupokea nusu ya ruzuku kwa muda. Mwanzo ilikuwa miaka miwili, mwaka 2025 ukafupishwa kuwa mmoja kwa wengi wao. Na familia iliyotoka ikianguka tena ina haki ya kurudi kabla ya wengine. Hawakuwaamini watu kupita kiasi. Walikubali tu jambo ambalo kila mwanamke wa mwaloni analijua, kwamba mwezi mmoja mzuri haujamaliza shida.

Kwa Tanzania ningeomba mambo yanayofanana na hayo, yakiwa yameshonwa kwa kimo chetu. Mali iliyonunuliwa kwa gawio la kikundi, kwa ujira wa ajira za muda au kwa ruzuku ya uzalishaji iachwe nje ya hesabu kwa angalau miaka miwili. Kikundi kina daftari lake, halmashauri ina kumbukumbu za ruzuku, kwa hiyo kuthibitisha hakuhitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Kaya ipimwe mara mbili kabla ya kutolewa, na katika mkoa kama Kigoma kipimo kimoja kiwe wakati wa neema na kingine wakati ziwa limefungwa. Ruzuku ishuke kwa hatua, nusu kwanza. Utambulisho wa kaya kwa ajili ya mkopo wa mtoto na bima ya afya udumu hata fedha ikisimama. Na aliyehitimu akaporomoka asisubiri awamu mpya ya mpango ili asikilizwe. Gharama itakuwepo, siikatai. Lakini kumtoa mtu mapema na kumwandikisha upya baada ya miaka mitano akiwa ameuza bati nayo ni gharama, na sehemu yake kubwa inalipwa na watoto.

Zaidi ya yote, kanuni zielezwe kwa lugha ya mtaa kabla ya dodoso kupita. Watu wasipoambiwa kinachohesabiwa, wanabuni wenyewe, na wanabuni kwa woga. Mtu anayeamini bati zitamtoa ataacha kuezeka, au atapeleka kuku kwa dada yake anayekaa Gungu siku za ukaguzi. Hapo mpango wa kupambana na umaskini unakuwa umemfundisha mtu kuufuga.

Kamati ya usimamizi ya jamii katika mtaa wako imechaguliwa na wakazi, mkutano wa hadhara ni wako, na malalamiko ya aliyetolewa yana njia ya kupelekwa kutoka kwenye kamati hiyo hadi halmashauri. Msomaji unayekaa Katubuka, Mwanga, Bangwe au popote dodoso linapopita, usikae kimya jina la jirani linapotajwa kwamba amejimudu. Simama uulize mambo mawili mbele ya watu: bati zile zilinunuliwa kwa pesa ipi, na pesa hiyo itaingia tena lini? Kama hakuna anayeweza kujibu la pili, omba jina lake libaki.